Ushahidi wa Nuru

Tangu janga la korona lipite, kile kifaa kidogo kibanwacho kidoleni na kutoa tarakimu ya oksijeni iliyomo damuni kimetoka katika vyumba vya upasuaji, kikaingia katika maduka ya dawa ya mitaani, katika mikoba ya wauguzi na hata katika makabati ya nyumbani. Na kwa kuwa kimeenea hivyo, si ajabu kwamba habari zilizoandikwa juu yake katika miaka hii zimewatia watu wengi wasiwasi. Mwezi wa Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, huko Marekani, walieleza katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba walilinganisha tarakimu za kidoleni na vipimo vya damu iliyotolewa katika ateri, wakaona kwamba, kila kifaa kilipotoa tarakimu ya kutuliza moyo, baina ya 92 na 96, wagonjwa Weusi walikuwa kwa hakika chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo, ilhali kwa wagonjwa Weupe ilikuwa asilimia 3.6. Mwezi wa Januari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatoa rasimu ya mwongozo unaopendekeza vifaa vya hospitali vijaribiwe kwa watu wasiopungua 150 wenye ngozi za rangi mbalimbali, badala ya watu 10 ambao, kwa mwongozo wa 2013, walitosha, wawili tu miongoni mwao wakiwa wa ngozi nyeusi.

Kijana mmoja wa ukoo wetu, ambaye ni muuguzi, alinijia na habari hizo na, baada ya shikamoo na marahaba, akaniuliza, "Babu, basi vifaa hivi tuvitupe?" Nilimwambia asikitupe chake, kisha nikaona kwamba jibu fupi namna ile halimtendei haki yeye wala wagonjwa wake. Sehemu kubwa ya umri wangu niliitumia katika maabara za hospitali za pwani, kwanza nikiwa mwanagenzi, kisha fundi, na hatimaye mwalimu wa mafundi. Na kazi ya maabara, mtu akiichambua hadi kiini chake, aghalabu ni kazi ya kuihoji nuru: kuipitisha katika damu, katika mkojo, katika ndimi za moto, katika makohozi yaliyokaushwa juu ya kioo, na kuisikiliza inavyotoka upande wa pili. Kazi hiyo ilinifundisha kwamba nuru ni shahidi mkweli, lakini hujibu lile tu aliloulizwa, na hujibu kwa kadiri ya mlinganisho aliowekewa na waliomhoji; na mengi ya makosa tunayoyabebesha vyombo asili yake ni maswali yetu wenyewe.

Mara ya kwanza kuliona jambo hili ilikuwa shuleni, Tanga, katika chumba cha sayansi ambacho madirisha yake yalifunikwa kwa magunia ili giza liingie. Mwalimu wetu wa kemia, mtu mpole asiyepaza sauti, alichovya waya mwembamba katika asidi, akauchovya tena katika chumvi moja baada ya nyingine, na kila alipoutia katika ndimi za taa ya gesi tuliona rangi ikibadilika: ya shaba kijani, ya stronti nyekundu kama dafina, na ya chumvi ya mezani manjano kali iliyojaa chumba kizima. Kisha akatupa chumvi ya potasiamu, akatuambia kwamba rangi yake ni zambarau hafifu. Tukatazama, tusiione zambarau yoyote, tukaona manjano ileile. Alitungoja tubishane kwanza. Halafu akampa kila mmoja kipande cha kioo cha buluu kilichotiwa kobalti, akasema, "Tazameni tena," na mara ile zambarau ikajitokeza ndani ya moto, nyembamba na dhahiri, mahali palepale ambapo tulikuwa tumeapa kwamba haipo.

Alitueleza kwamba sodiamu imezagaa kila mahali, katika jasho la vidole vyetu, katika vumbi na katika upepo utokao baharini, na chembe yake ndogo inatosha kuufunika moto wote kwa manjano. Kile kioo cha buluu huizuia manjano hiyo na kuipa njia rangi dhaifu iliyokuwa ikizibwa. Akatusimulia jinsi, mwaka 1859, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walivyokaa katika mji wa Heidelberg na kuipitisha nuru ya moto katika mche wa kioo, wakaona kwamba kila elementi ina mistari yake, isiyofanana na ya nyingine. Na kwa mistari hiyo wakagundua sizi mwaka 1860 na rubidi mwaka 1861, elementi mbili ambazo hapana mtu aliyekuwa amezijua kabla. Heli nayo ilionekana katika nuru ya jua mwaka 1868, ikangojewa hadi mwaka 1895 ndipo William Ramsay alipoipata hapa duniani. Sisi wanafunzi tulistaajabia zaidi habari za jua. Lakini kadiri miaka ilivyopita niliona kwamba somo kubwa la siku ile lilikuwa katika kile kipande cha kioo. Mashahidi wengi huzungumza kwa pamoja, mwenye sauti kubwa humfunika mwenye sauti ndogo, na yule anayedai kwamba hakuona kitu yampasa kwanza aulizwe alitazama kwa kupitia nini.

Nilipoingia maabara ya hospitali, kazi niliyopewa kwanza ilikuwa kupima wingi wa damu kwa kolorimita. Vijana wa leo, ambao mashine huwafyonzea sampuli na kuwachapia majibu, huenda wasiijue kazi hiyo, nami napenda kuieleza kwa utaratibu wake, maana kila hatua ilikuwa na hekima yake. Damu ya kidole ilivutwa katika pipeti ya kioo nyembamba hadi kwenye alama ya mikrolita 20. Ncha ya pipeti ikafutwa kwa nje, maana hata utando wa damu uliobaki pale ungeongeza hesabu. Kisha damu ikamiminwa katika mililita 5 za dawa ya Drabkin, na pipeti ikasuuzwa ndani ya dawa ileile mara kadhaa hadi ikawa nyeupe. Mrija ulitikiswa polepole, ukaachwa dakika kumi hivi, na wekundu wa damu ukageuka kuwa rangi moja tulivu ya hudhurungi, ambayo humeza nuru ya kijani ya urefu wa wimbi wa nanomita 540. Baada ya hapo ndipo mrija ulipotiwa katika kolorimita, na sindano ikasogea.

Mkuu wetu wa maabara, mzee aliyekwisha kuitumikia kazi hiyo tangu siku za Waingereza, hakumruhusu mtu kuisoma sindano kabla ya kufanya mambo mawili. La kwanza, kutia mrija wa dawa tupu isiyo na damu na kuiweka sindano kwenye sifuri. "Kabla hujaiuliza damu," alizoea kusema, "iulize dawa tupu." La pili, kutia maji ya mlinganisho ambayo kiasi cha hemoglobini yake kilijulikana kwa yakini, na kuhakiki kwamba sindano inasimama pale inapostahili. Kanuni yenyewe ni ya kale: Pierre Bouguer aliichungulia mwaka 1729, Johann Lambert akaiandika kwa hesabu mwaka 1760, na August Beer akaiongeza mwaka 1852, kwamba kadiri nuru inavyopita katika unene mkubwa zaidi wa maji ya rangi, au katika maji yenye rangi nzito zaidi, ndivyo inavyomezwa zaidi, na kwa kipimo kinachohesabika. Lakini kanuni hiyo haijui hemoglobini ni nini. Inajua nuru iliyoingia na nuru iliyotoka, basi. Na jina la kitu kilichoimeza nuru iliyopotea katikati hutiwa na sisi.

Jambo hilo lilinithibitikia siku alipoletwa mgonjwa wa kisukari, mwanamume wa makamo, ambaye kolorimita ilimpa damu nyingi kuliko fundi yeyote mwenye afya pale ndani, hali viganja vyake na kope zake kwa ndani vilikuwa vyeupe. Mkuu wetu hakubishana na sindano wala hakubishana na macho yake. Aliuzungusha mrija wa damu ya yule bwana katika mashine hadi chembe zikashuka chini, akatuonyesha maji yaliyobaki juu: yalikuwa mazito na meupe mfano wa tui, kwa wingi wa mafuta. Nuru ilikuwa ikitawanywa na matone ya mafuta yale na kukosa kufika upande wa pili, na kolorimita, ambayo haiwezi kutofautisha nuru iliyomezwa na nuru iliyotawanywa, iliihesabu yote kuwa ni hemoglobini. Akatwaa maji yale ya mgonjwa mwenyewe, bila chembe za damu, akayatia katika dawa na kuyafanya kuwa sifuri mpya. Na tarakimu iliyopatikana baada ya hapo ilikubaliana na viganja. Nikajifunza kwamba sifuri haifanani kwa watu wote, na kwamba insafu katika kupima ni kumpa kila mtu sifuri inayomstahili.

Baadaye nilihamishiwa hospitali nyingine, ambapo tulipokea damu za watoto wachanga wenye umanjano, nasi tukapima bilirubini. Meza ya kupokelea sampuli ilikuwa chini ya dirisha la mashariki, na jua la asubuhi liliimwagikia yote. Siku moja sampuli ya mtoto iligawanywa katika mirija miwili. Mmoja ukapimwa mapema, na wa pili, ambao ulikaa pale dirishani hadi karibu na adhuhuri, ukatoa kiasi kilichopungua kwa wazi. Hapana aliyekuwa amekosea katika vitendanishi wala katika kusoma. Jua lilikuwa limeivunja ile bilirubini ndani ya kioo, na tangu siku ile mirija ya watoto ikafungwa kwa karatasi nyeusi mara itokapo wodini.

Nilipoanza kuwafundisha wengine ndipo niliposoma kwamba tukio la namna hiyohiyo lilikuwa limezaa tiba. Katika hospitali ya Rochford, Uingereza, mwaka 1956, muuguzi aitwaye Jean Ward, aliyekuwa na desturi ya kuwatoa watoto wachanga juani bustanini, aliwaonyesha madaktari mtoto aliyepauka mwili mzima isipokuwa pale alipofunikwa na pembe ya shuka, ambapo umanjano ulibaki vilevile. Na mrija wa damu ulioachwa dirishani katika hospitali hiyo ulionyesha bilirubini iliyopungua. R. J. Cremer na wenzake waliyachunguza mambo hayo na kuyatangaza mwaka 1958, na leo taa za buluu, ambazo nuru yake ya nanomita 460 hivi ndiyo bilirubini huimeza kwa wingi, zinawaokoa watoto katika wodi za dunia nzima, na za kwetu pia. Kwa hiyo nuru humgusa yule inayemtolea ushahidi, na mara nyingine humbadilisha kabla hajamaliza kusema. Na aliye makini katika kazi yake hujiuliza, kabla ya kuliandika jibu, kama kitu alichokipima ndicho kilekile kilichotoka kwa mgonjwa.

Wodi ya watoto ya hospitali yetu ile ilinifundisha na jambo la pili, na hilo lina uhusiano wa karibu zaidi na swali la yule kijana. Vitabu tulivyosomea vilieleza umanjano wa mtoto kwa picha za watoto wa Ulaya, ambao ngozi zao hugeuka rangi ya limau bivu, ilhali muuguzi mzee wa zamu ya usiku hakuvitegemea vitabu vile hata kidogo. Alimbeba mtoto hadi penye mwanga wa dirisha, akaibonyeza pua yake kwa kidole gumba, akaiachia na kuutazama weupe wa dakika ile kabla damu haijarudi. Kisha akafungua kinywa na kutazama ufizi, akageuza nyayo, akatazama weupe wa macho. Aliwajua watoto wetu, naye alijua mahali ambapo rangi ya ngozi haisitiri kinachotafutwa. Mara nyingi aliwaleta kwetu watoto ambao madaktari wageni walikuwa wamewaona kuwa wazima, na bilirubini yao ikawa juu. Elimu yake haikuandikwa katika kitabu chochote nilichokisoma wakati ule, nami nimesikitika kwa muda mrefu kwamba sikuiona ikiandikwa.

Miaka ya kifua kikuu nitaipita upesi, ijapokuwa ndiyo iliyonichosha macho kuliko yote. Kwa muda mrefu tulitafuta vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu, kioo baada ya kioo, kwa rangi za Ziehl na Neelsen. Ndipo zilipokuja hadubini za kung'arisha, ambazo kwazo makohozi hupakwa rangi ya auramini, na vidudu vikipigwa na nuru ya buluu hurudisha nuru yao wenyewe ya manjano na kijani ndani ya giza. Hapo kwanza taa zake zilikuwa za zebaki, ghali na za joto kali. Taa za LED ndizo zilizozifikisha katika vituo vidogo, na Shirika la Afya Duniani likazipendekeza mwaka 2011. Ibn al-Haytham, yule mwanachuoni wa Basra aliyeandika Kitab al-Manazir huko Kairo katika karne ya 11, alikwisha kuonyesha manufaa ya chumba cha giza kwa mwenye kuichunguza nuru. Nasi katika chumba chetu tulifahamu maana yake kwa vitendo. Kuongeza nuru si lazima kuwe kuongeza kuona. Kinachotakiwa ni kuiondoa ile isiyohusika, ili iliyo dhaifu isikike.

Msimu mmoja wa mvua kubwa, karibu na mwisho wa utumishi wangu, familia moja ililetwa alfajiri kutoka katika chumba walimolala na jiko la mkaa huku milango na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Walikuwa wakilalamika kichwa, wakitapika, na mama alikuwa hajitambui. Kifaa cha kidoleni kilikuwa kimekwisha kufika hospitalini petu wakati huo, na tabibu kijana aliyekuwa zamu alimbana mama kidole, akasoma 99, akashangaa. Daktari wake mkuu aliagiza oksijeni pale pale bila kuitazama tena ile tarakimu, kisha akanitumia damu ya mama. Nilitwaa mirija miwili, nikatia mmoja damu yangu na wa pili damu ya mgonjwa, zote mbili zimechanganywa na maji mengi, nikadondoshea kila mmoja matone ya magadi makali. Damu yangu ikageuka kahawia yenye ukijani mara moja. Ya yule mama ikabaki na waridi yake, ikang'ang'ania. Hiyo ndiyo alama ya kale ya damu iliyoshikwa na gesi ya monoksidi ya kaboni.

Nikawaita mafundi vijana, nikawaeleza kwa nini kifaa cha kidoleni kilisema 99. Tangu mwaka 1864 George Stokes alipoonyesha kwamba damu hubadilisha namna yake ya kumeza nuru inapopokonywa oksijeni, imejulikana kwamba hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hutofautiana kwa nuru. Kifaa cha kidoleni hutuma nuru mbili tu, nyekundu ya nanomita 660 na ile isiyoonekana kwa jicho ya nanomita 940, na kwa kulinganisha namna zinavyomezwa hukadiria ni kiasi gani cha hemoglobini kimebeba oksijeni. Nuru mbili zatosha kuvitenganisha vitu viwili. Kikiingia cha tatu, nacho katika nuru nyekundu kikafanana mno na kile chenye oksijeni, kifaa hakina njia ya kukijua, kitakihesabu kuwa ni oksijeni. Wala hakikusema uongo: hakikuulizwa habari za mkaa. Mama yule alipona, na wanawe pia. Nami tangu hapo nimekuwa nikiwanasihi watu wa mitaani kwetu wasilale na jiko la mkaa ndani, na wakizidiwa wasimwamini mtu awaambiaye kwamba kidole kinaonyesha vizuri.

Nilikwisha kustaafu lilipokuja janga la korona, na mwaka 2021 nilikaa kando ya kitanda cha ndugu yangu mmoja katika wodi iliyojaa. Kifaa kilionyesha 94. Ndugu yangu alikuwa akihema kwa haraka, akiinua mabega kila pumzi, na hakuweza kumaliza sentensi bila kukatiza. Hospitali ile haikuwa na mashine ya kupima gesi za damu ya ateri, kwa hiyo hapakuwa na shahidi wa pili wa kumuuliza. Muuguzi wa zamu, mwanamke wa umri wa binti yangu, alitazama tarakimu, akamtazama mgonjwa, akahesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi dakika nzima, kisha akaniambia, "Baba, mimi naamini kifua chake," akamwombea oksijeni. Siwezi kudai kwamba najua kwa yakini kiasi cha oksijeni kilichokuwa katika damu ya ndugu yangu usiku ule. Ninalolijua ni kwamba yule muuguzi aliipa tarakimu uzito wake, hakuipa zaidi ya huo, na ufahamu huo ndio kilele cha elimu ya kupima.

Makala ya Michigan yalipotangazwa, mengi niliyoyapitia yalishikana. Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani aliyeibuni njia hii na kuitangaza mwaka 1974, alikuwa ameona jambo la werevu mkubwa: ngozi, mfupa na damu ya vena humeza nuru kwa kiasi kisichobadilika kila mapigo, ilhali damu ya ateri huongezeka na kupungua kwa kila pigo la moyo, basi ikihesabiwa ile sehemu inayopigapiga peke yake, rangi ya ngozi ingejifuta yenyewe katika hesabu. Lau nuru ya taa ingekuwa ya wimbi moja safi, na lau nyama ya mwili isingeitawanya, hesabu ingekuwa karibu na hivyo. Lakini taa hutoa mawimbi yaliyotapakaa kidogo, nyama huitawanya nuru, na melanini ya ngozi humeza nuru nyekundu kuliko ile isiyoonekana, ikaacha ishara hafifu. Kwa hiyo watengenezaji hawakuweza kutegemea kanuni tupu. Waliwatafuta watu wazima wenye afya, wakawapa hewa yenye oksijeni inayopunguzwa hatua kwa hatua hadi damu yao ikashuka kuelekea asilimia 70, wakatoa damu ya ateri katika kila hatua, na wakaandika jedwali la kugeuza nuru kuwa tarakimu. Jedwali hilo ndilo akili ya kifaa, na wale watu ndio sifuri yake. Wakiwa aghalabu ni wa ngozi nyeupe, basi sisi wengine tunapimwa kwa sifuri ya mwingine, kama alivyopimwa yule mgonjwa wa kisukari kabla ya mkuu wetu kumtengenezea yake.

Wala jambo hili halikuanza mwaka 2020. Amal Jubran na Martin Tobin waliandika juu ya tofauti hiyo mwaka 1990, na Philip Bickler na wenzake wa California wakaipima kwa watu wa kujitolea na kuitangaza mwaka 2005. Habari ilikuwapo, ila hapakuwa na mwenye nguvu aliyeona kwamba inamhusu, hadi janga lilipowafanya maelfu ya watu wagawiwe vitanda na oksijeni kwa tarakimu hiyo. Nalo lanihuzunisha, kwa sababu sisi wa huku, ambao karibu kila mgonjwa wetu ana ngozi inayohusika, tungeweza kuliuliza swali hili mapema kuliko mtu yeyote. Lakini tulizoea kupokea vyombo pamoja na majedwali yake, kama kwamba jedwali nalo limetoka katika maumbile.

Kwa hiyo kijana wangu nampa nasaha hizi. Kifaa asikitupe, maana kimeokoa roho nyingi mno katika vyumba vya upasuaji na vya kujifungulia, na mahali pasipokuwa na mashine ya gesi za damu hicho ndicho shahidi pekee wa nuru aliyepo. Mkono wa mgonjwa uwe na joto, kidole kiwe hakina rangi ya kucha wala hina nyeusi au piko, na tarakimu isisomwe mpaka itulie. Ushukaji wake utazamwe zaidi kuliko tarakimu moja iliyosimama peke yake, kwa maana mgonjwa aliyetoka 98 akafika 94 ametoa habari nzito hata kama 94 ni ya kutuliza. Pumzi zihesabiwe, kifua kitazamwe, mgonjwa aulizwe. Na vikihitilafiana kifua na kidole, hitilafu hiyo ichunguzwe, isizimwe kwa kuchagua lililo jepesi kuandikwa katika karatasi.

Ama wakubwa wetu wa vyuo vikuu, wa mashirika ya viwango na wa bohari za dawa, kwao nina ombi ambalo nalitamka kwa heshima na kwa msisitizo. Chombo chochote kinachoupima mwili kwa nuru, kiwe cha kidoleni, kiwe cha kupima umanjano wa watoto kwa kugusa paji la uso, kiwe cha kutafuta saratani ya ngozi kwa picha, kisinunuliwe kwa fedha za umma kabla ya kuulizwa kilijaribiwa kwa ngozi za nani, na wangapi kati yao walifanana na watu watakaolala katika wodi zetu. Majaribio hayo yaweza kufanyika hapa kwetu, kwa mafundi wetu na kwa watu wa kujitolea wa kwetu, chini ya madaktari wanaojua kuyafanya kwa usalama. Na muuguzi anayebonyeza pua ya mtoto penye dirisha aitwe aeleze anachokitafuta, kiandikwe na kifundishwe. Chombo ambacho hakijalinganishwa na watu kitakaowapima hakijamaliza kutengenezwa, hata kikiwa kimekwisha kuuzwa, na kazi ya kukimaliza ni halali yetu na wajibu wetu.